Wastani wa Nini? Niliyojifunza Nikifikisha Utabiri wa Hali ya Hewa Mwaloni

Mwanzoni mwa 2019 nilichaguliwa kuwa katibu wa kikundi cha usimamizi wa mwalo, ambacho wengi wetu tunakiita BMU, katika mwalo mmoja wa dagaa, yaani ufukwe ambako mitumbwi ya uvuvi hutia nanga na kushusha samaki, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria. Kazi niliyoitarajia ilikuwa kuandika mihtasari, kuorodhesha mitumbwi na kupokea barua kutoka ofisi ya kata. Hakuna aliyeniambia kwamba nitakuwa pia mtu wa hali ya hewa. Jukumu hilo lilinijia polepole, kwa sababu tu nilikuwa na simu inayoingia intaneti na sauti inayosikika mbali. Ninaandika haya kwa ajili ya makatibu, watendaji wa vijiji na maafisa ugani wanaopokea taarifa kama nilizokuwa nikipokea, kisha wakatakiwa kuzifikisha kwa watu ambao jioni ile ile wataamua waende ziwani au wabaki. Makosa yangu yaligharimu fedha za watu, na moja kati ya hayo ninaamini hadi leo kwamba lilichangia kifo.

Kwa asiyejua uvuvi wa dagaa, ni vema nieleze usiku wetu ulivyo. Dagaa huvuliwa kwa taa, hivyo wavuvi hufanya kazi katika kipindi cha giza, yaani zile siku ambazo mbalamwezi haichelewi kuzama au haijachomoza, na mwezi ukijaa kambi hupumzika na kushona nyavu. Mitumbwi huondoka saa kumi na moja jioni, huwasha taa zake za sola mbali na nchi kavu, na hurudi alfajiri, wakati akina mama wakaushaji wanasubiri ufukweni na ndoo zao. Kila siku ya giza inayopotea haifidiwi mpaka mwezi ujao. Mtumbwi una tajiri wake, ambaye mara nyingi haendi ziwani, una nahodha, na una vijana watatu au wanne wanaolipwa kwa mgawo wa kilichovuliwa baada ya kutoa gharama za petroli na chakula. Sikuuona uzito wa mpangilio huo katika suala la utabiri mpaka baadaye sana.

Kosa la kwanza lilitokea Oktoba mwaka huo. Kupitia kundi la WhatsApp la maafisa wa kata ilikuja taarifa ya angalizo, ngazi ya kwanza ya onyo kabla ya tahadhari na tahadhari kubwa, kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ikiwa na maneno ambayo wakazi wa mwambao na wa ziwani wameyazoea: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Nilichukua kipaza sauti na kuwaambia wavuvi kwamba usiku ule kutakuwa na dhoruba na hakuna atakayetoka. Sikusema kwamba inawezekana ikatokea, nilisema itatokea. Mitumbwi mingi ilibaki, na usiku ule ziwa lilitulia kama maji ya mtungini. Asubuhi tajiri mmoja alinijia ofisini, akasimama mlangoni bila kuketi, akaniambia, "Katibu, mimi nimekwisha kununua petroli na chakula cha vijana. Wewe umepoteza nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli sikuwa nimepoteza chochote.

Wiki iliyofuata nilikuwa mtu mwoga. Niliona haya kupita kwenye vibanda vya chai, na nilijiapiza kwamba sitatia watu hofu tena bila sababu. Katika hali hiyo ya moyo, Novemba, ikaja taarifa nyingine ya angalizo, na chini yake kulikuwa na mistari miwili ambayo ninaweza kuiandika leo bila kutazama popote: uwezekano wa kutokea, wastani, kiwango cha athari zinazoweza kutokea, wastani. Nilisimama mwaloni saa kumi na nusu jioni nikatangaza kwamba usiku kutakuwa na upepo wa wastani. Nahodha mmoja aliyekuwa anapakia taa aliuliza kama upepo huo ni wa kawaida yetu, nikamjibu kwamba ndiyo, ni wa wastani. Walitoka wote. Baada ya saa nane usiku upepo ulikuja na mvua ya radi kutoka upande wa ziwa kuu, mitumbwi miwili ikapinduka, na watu tisa waliokuwa ndani yake waliogelea na kushikilia mbao mpaka wenzao wakawafikia. Wanane waliokolewa. Kijana mmoja, ambaye mama yake alikuwa mmoja wa wakaushaji wetu, alipatikana siku ya tatu.

Sikuwahi kumwambia mama yule juu ya lile neno mpaka mwaka mzima ulipopita. Nilipomwambia alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililobadilisha kazi yangu yote: "Mwanangu, wastani wa nini?"

Neno hilo moja hutumika katika taarifa za hali ya hewa kwa maana zaidi ya moja, na mtaalamu anayelitumia hapati shida kwa sababu anajua amesimama wapi. Katika taarifa ya angalizo, "uwezekano wa kutokea: wastani" unazungumzia nafasi ya jambo kutokea au kutotokea, wala hausemi chochote kuhusu nguvu ya upepo, upepo wenyewe umekwisha tajwa juu, kilomita 40 kwa saa. Mstari wa pili unazungumzia madhara yatakayowapata watu na mali iwapo upepo huo utakuja. Nao mwelekeo wa mvua za Vuli au Masika unaposema mvua za wastani, maana yake ni tofauti kabisa: mvua za msimu hulinganishwa na kumbukumbu za miaka mingi, kwa kawaida 30, na kiasi kilicho karibu na kawaida ya kumbukumbu hizo ndicho kinachoitwa wastani. Mimi nilikuwa nimechukua uwezekano nikaufanya nguvu. Anayefikisha taarifa anapaswa kukaa nayo peke yake dakika kumi na kujiuliza kila neno linahusu nini, kabla hajashika kipaza sauti. Asipoelewa apige simu na kuuliza, hata kama ataonekana hajui.

Februari 2020 nilipanda meli kutoka Nansio kwenda Mwanza kuhudhuria warsha ya siku mbili iliyokutanisha watabiri na watumiaji wa taarifa zao. Wakati huo mradi wa HIGHWAY, uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kuzihusisha Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, ulikuwa ukiendelea kuboresha utabiri wa ziwa zima, na rada ya Mwanza ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Pale nilisikia makadirio yanayotajwa mara kwa mara kwamba kati ya watu 3,000 na 5,000 hupoteza maisha katika Ziwa Victoria kila mwaka. Kwa aliyekulia hapa idadi hiyo haishangazi kama inavyopaswa. Tunakumbuka kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996 na MV Nyerere Septemba 2018 kwa sababu ziliua mamia kwa mara moja, lakini mtumbwi wa watu wanne hautangazwi redioni.

Kilichonifungua macho ni maelezo ya mtabiri mmoja kuhusu kwa nini dhoruba zetu huja usiku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu na mawingu ya mvua hujengeka huko bara. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo hutoka kila upande wa ufukwe kuelekea katikati ya ziwa. Pepo hizo zikikutana juu ya maji, hewa yenye unyevu hupanda, na mawingu ya radi hujengeka kuanzia usiku wa manane kuelekea alfajiri, ambapo ndipo mitumbwi ya dagaa iko mbali zaidi na nyumbani. Mzee mmoja, nahodha wetu wa siku nyingi, alikuwa akituambia daima kwamba ziwa lina hasira za usiku, na mtabiri alikuwa anasema jambo hilo hilo kwa lugha ya shuleni. Hapo nilielewa kwamba sikuwa napeleka elimu kwa watu wasiojua. Nilikuwa naunganisha watu wawili wanaojua kitu kimoja kutoka pande mbili.

Katika mapumziko ya chai mtabiri yule aliniuliza, "Wavuvi wako wanaamua saa ngapi?" Nilimjibu saa kumi jioni, kwa kuwa saa kumi na moja wanaondoka. Akaniuliza mimi hupata taarifa saa ngapi. Nikakiri kwamba mara nyingi nilikuwa nikitegemea taarifa ya habari ya saa mbili usiku, yaani saa nne baada ya uamuzi kufanyika, wakati watu ninaowasomea wamekwisha kuwasha taa zao gizani huko mbali. Hilo halikuwa kosa la mtabiri yeyote. Taarifa ilikuwepo mapema, ila sikuwahi kuitafuta kwa saa ya wavuvi.

Niliporudi nilinunua daftari kubwa la kaunta na kulichora mistari. Upande wa kwanza niliandika uamuzi, wa pili nani anauamua, wa tatu saa au tarehe ya mwisho ya kuuamua, na wa nne hasara ya kukosea kwa pande zote mbili: ukichukua hatua na hali isije, na usipochukua hatua na hali ikaja. Nilikwenda kwa kila kundi mwaloni nikauliza maswali hayo kabla ya kutaja utabiri wowote. Kama ningeanza kazi leo, hapa ndipo ningeanzia, maana nilikuwa nimetumia mwaka mzima kupeleka majibu bila kujua maswali.

Akina mama wakaushaji ndio walionifundisha zaidi, na nitakaa kwao kidogo. Dagaa akinyeshewa akiwa mbichi kwenye chanja au mchangani huoza au hupoteza rangi, na huishia kuuzwa kama chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mama mmoja alinipigia hesabu yake akiwa ameketi juu ya ndoo iliyoinamishwa, akitumia maganda ya konokono kama vihesabio. Ananunua ndoo 20 kwa shilingi 15,000 kila moja, jumla 300,000. Jua likiwaka, faida yake ni kama 80,000. Mvua ikimkuta, anapoteza 200,000. Kukodi maturubai na vijana wawili wa kuyafunika kunamgharimu 20,000. Tukatazama hesabu hiyo pamoja. Ikiwa analipa 20,000 kujikinga na hasara ya 200,000, basi hata mvua ikinyesha siku moja tu kati ya kumi za namna hiyo, turubai linarudisha gharama yake, na nafasi ya mvua ikizidi hapo, kufunika kuna faida. Lakini uamuzi wa kutonunua kabisa ni wa namna nyingine, kwa sababu anaacha faida ya 80,000 ili kuepuka hasara ya 200,000, na huo unastahili pale tu nafasi ya mvua inapofika takriban siku tatu kati ya kumi.

Ni mtu mmoja, asubuhi moja, utabiri mmoja, na maamuzi mawili yenye vipimo tofauti. Tangu siku ile niliacha kuuliza kama utabiri "ni wa kweli" na nikaanza kuuliza kama unatosha kwa uamuzi fulani. Uwezekano mdogo wa mvua ulikuwa habari kubwa kwa mwenye kukodi turubai na habari ndogo kwa mwenye kutaka kuacha kununua. Akina mama wale hawakuwahi kulalamika tena mvua isiponyesha siku walizofunika, kwa sababu bei ya kufunika walikuwa wameikubali wenyewe.

Kwa mitumbwi hesabu hiyo haikufaa, nami ninaona ni makosa kujaribu kuifanya. Gharama ya kubaki nchi kavu ilikuwa ya tajiri, aliyekwisha kununua petroli, lakini hatari ya kutoka ilikuwa ya vijana, na mwenye sauti ya mwisho saa kumi jioni hakuwa yule mwenye kuzama. Nahodha kijana hawezi kumkatalia tajiri akiwa peke yake ufukweni, maana kesho mtumbwi utapewa mwingine. Kwa hiyo tuliitisha mkutano wakati wa mbalamwezi, mitumbwi yote ikiwa imepandishwa nchi kavu na hakuna anayekimbizana na jua, tukakubaliana mapema nini kitafanyika kwa kila ngazi ya taarifa. Ikitolewa tahadhari au tahadhari kubwa, hakuna anayetoka, na petroli hubaki kwenye tangi kwa usiku mwingine. Likitolewa angalizo la upepo, mitumbwi midogo hubaki, mikubwa hutoka kwa makundi ya miwili au mitatu, kila mtu akiwa amevaa jaketi okozi, haivuki mstari ambao kutoka hapo taa za kisiwa bado zinaonekana, na saa saba usiku inaanza kurudi. Mjadala ulichukua saa tano na matajiri wawili walitoka kwa hasira. Makubaliano yaliandikwa, yakatiwa saini, na baadaye yakaingizwa katika taratibu za kikundi. Tuliongeza nguzo yenye bendera, ya njano kwa angalizo na nyekundu kwa tahadhari, kwa sababu injini zikiwaka hakuna anayesikia kipaza sauti.

Daftari lilikuwa na kazi nyingine pia. Kila asubuhi niliandika kilichotabiriwa na kilichotokea mwaloni kwetu, hata siku ambazo hakukuwa na lolote. Baada ya vipindi kadhaa vya giza niliweza kuwasomea wavuvi kwamba angalizo za upepo zilikuwa zimetimia kwetu zaidi kidogo ya nusu ya mara zilizotolewa, na kwamba usiku mbaya uliokuja bila taarifa yoyote ulikuwa nadra. Nilidhani watavunjika moyo kusikia "zaidi kidogo ya nusu". Kinyume chake, mzee wetu alisema kwamba hiyo ndiyo habari ya kwanza ya hali ya hewa aliyowahi kuiamini, kwa sababu ilikiri inakosa mara ngapi.

Sehemu niliyofeli tena, na kwa gharama kubwa, ilikuwa ya msimu. Mvua za Vuli ya 2019 na Masika ya 2020 zilikuwa nyingi, nasi tulishughulika na mvua yenyewe: mifereji, paa la banda la kupimia dagaa, barabara ya kwenda kijijini. Hatukufikiria maji ya ziwa. Ziwa Victoria hupata sehemu kubwa sana ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na hutoa maji kupitia mlango mmoja tu, Mto Nile kule Jinja, Uganda, hivyo mvua nyingi za miezi sita hujikusanya na kuonekana baadaye. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964. Sisi tuliona rekodi hiyo kwa macho: safu mbili za chanja zilimezwa, vyoo vya kambi vikajaa maji, na banda tulilolijenga kwa michango ya miaka mitatu likasimama ndani ya ziwa hadi madirishani. Taarifa za kiwango cha maji zilikuwa zinapatikana kwa kuuliza Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Mwanza, na kwa kuwa ziwa hupanda polepole, tungekuwa na majuma ya kuhamisha mabati na mbao. Hakuna aliyeuliza, na mwenye kupaswa kuuliza nilikuwa mimi.

Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza mwelekeo wa mvua za Vuli za juu ya wastani kutokana na El Niño, nililifungua daftari kabla ya kufungua mdomo. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kwamba mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, kwa hiyo mwelekeo wa Agosti hukuta bajeti imekwisha kupitishwa, na anayekwenda kuomba mradi mpya wakati huo hurudi na ahadi. Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa kamati ya maafa, ikiomba mambo mawili yasiyohitaji fedha mpya: kibali cha kuhamishia vyoo vya kambi juu ya mstari wa maji wa 2020, na ruhusa ya kutumia fedha za ukarabati zilizokwisha kupangwa kwa ajili ya banda, ila kwenye kiwanja cha juu badala ya pale pale. Niliambatanisha picha ya banda likiwa ndani ya maji. Mtendaji aliyekuwa akipokea barua zetu nyingi bila kuzijibu alinipigia simu siku ya nne. Vyoo vilihamishwa Oktoba. Banda lilichelewa, na tulilimaliza Februari, siku chache kabla Masika haijaanza. Mei 2024 maji yalipanda kuliko hata ya 2020, na mahali pa banda la zamani pakawa kina cha kiuno.

Sasa katibu ni binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne hapa hapa, nami ninamsaidia kuandika daftari. Juzi jioni, saa kumi kamili, alikuwa anapandisha bendera ya njano, mzee nahodha akamwita akiwa bado ndani ya mtumbwi, mkono mmoja juu ya injini ambayo hakuwa ameiwasha.

"Katibu, umesema wastani. Ni wa uwezekano au wa upepo?"

"Wa uwezekano, mzee. Upepo wenyewe ni kilomita 40."

Mzee aliutazama mtumbwi wake, ambao ni mdogo, akaanza kushusha taa.